Skuli ya Kichina na mlango wa chuo kikuu: watoto wa jamii yetu Guangzhou

Guangzhou ni mji mkuu wa jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Waarabu wa zamani waliuita Khanfu, na Wazungu wakauita Kanton. Kwa watu wa Oman si mji mgeni. Masimulizi ya Kiomani humtaja Abu Ubaida Abdullah bin al-Qasim, mfanyabiashara wa Kiibadhi wa karne ya 8, kuwa miongoni mwa wa mwanzo kufika huko kwa bahari. Mwezi wa Novemba 1980 chombo cha Sohar, kilichojengwa Sur kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba, kiliondoka Maskati kikiongozwa na Tim Severin kufuata njia hiyo ya kale, na Julai 1981 kikatia nanga Guangzhou. Leo kimewekwa Al Bustan, na kila anayepita njia ile hukiona.

Siku hizi safari ni ya ndege, lakini shughuli ni ile ile. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Kampala, Maskati na Dubai huenda kwenye maonesho ya Canton, yaliyoanza 1957, na kwenye masoko ya Xiaobei na Sanyuanli. Wengi hununua, hupakia kontena, wakarudi. Wachache hukaa. Waliokaa wamepanga nyumba, wameleta wake zao au wameoa huko huko, na Mungu amewaruzuku watoto. Karibu kila ukoo wetu wa Ghuba una mmoja wao, ama ndugu, ama mkwe, ama mtoto wa ami.

Makala haya yanahusu watoto hao na swali ambalo wazazi wao huwapigia simu wazee kuliuliza: mtoto akisomeshwa kwa Kichina tangu darasa la kwanza, akifika miaka 18 ataingia chuo kikuu gani, na kwa mlango upi? Jibu kwa ufupi ni hili. Skuli ya Kichina humfungulia mtoto vyuo vya China kwa upana kuliko njia nyengine yoyote, lakini haimfanyi kuwa mwombaji wa Kichina, na haimtayarishi kwa vyuo vya Ghuba, Afrika Mashariki wala Uingereza isipokuwa nyumbani kumefanywa kazi ya ziada. Kwa hivyo uamuzi wa chuo kikuu, kwa sehemu kubwa, hufanywa siku mtoto anaponunuliwa begi la kwanza la skuli.

Maana ya kuzamia lugha

Masomo ya kuzamia lugha ni yale ambayo mtoto hafundishwi lugha ngeni kama somo moja la wiki, bali hufundishwa masomo yote kwa lugha hiyo: hesabu, sayansi, historia, hata michezo. Mfano unaotajwa sana ni wa Saint-Lambert, Quebec, nchini Canada, ambako mwaka 1965 wazazi wanaozungumza Kiingereza walidai darasa la watoto wao lifundishwe kwa Kifaransa. Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake waliwafuatilia watoto hao. Walikuta wamejua Kifaransa vizuri na Kiingereza chao hakikupotea. Kilichelewa kidogo katika kusoma na kuandika, kisha kikafikia cha wenzao.

Lakini watoto wale walikuwa na bahati mbili. Wote waliingia darasani hawajui Kifaransa, basi mwalimu alianza nao pamoja. Na lugha yao ya nyumbani ilikuwa lugha yenye nguvu: ya redio, ya benki na ya vyuo vikuu. Lambert mwenyewe alitofautisha lugha inayoongezwa juu ya nyengine na lugha inayokuja kuiondoa nyengine.

Mtoto wa Kiswahili aliyepelekwa skuli ya kawaida ya Guangzhou hana bahati hizo. Darasani wenzake wote ni Wachina, mwalimu hamngoji, na Kiswahili hakisikiki nje ya mlango wa nyumba yao. Huko ni kutupwa majini zaidi kuliko kufundishwa kuogelea. Wengine huibuka na kuogelea vizuri sana, kwani akili za watoto ni nyepesi. Lakini mzazi ajue tofauti.

Msomaji aliyesoma Tanzania haihitaji kuelezwa sana. Wengi wetu tulisoma skuli ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza tukakuta kila kitabu ni cha Kiingereza. Na Waomani waliorudi kutoka Zanzibar baada ya 1970 waliliona kwa upande mwengine: walikuja na Kiswahili na wengine na Kiingereza kizuri, watoto wao wakaingia skuli za Kiarabu. Watoto wale leo ni maprofesa na madaktari. Lakini wajukuu wengi hawawezi kuzungumza na bibi zao ila kwa mkalimani. Faida ilipatikana, na gharama ililipwa.

Jambo jengine la kulijua ni muda. Mtaalamu Jim Cummins alionesha kwamba mtoto hupata lugha ya mazungumzo kwa miaka kama miwili, lakini lugha ya kusomea, yaani ya kufahamu kitabu cha sayansi na kuandika insha, huchukua miaka mitano hadi saba. Kwa hivyo mtoto anayebishana na muuza matunda kwa Kichina na kumfanya baba yake aone fahari, bado anaweza kuwa hafahamu swali la mtihani. Na huko Guangzhou mambo yamezidi moja: mtaani husikika Kikantoni, na skulini hufundishwa kwa Kimandarini. Kujua cha sokoni si kujua cha darasani.

Skuli zilizopo

Mzazi mgeni Guangzhou ana njia nne.

Ya kwanza ni skuli ya serikali ya Kichina. Elimu ya lazima China ni miaka tisa, sita ya msingi na mitatu ya kati, na baada yake huja miaka mitatu ya sekondari ya juu. Sheria ya elimu ya lazima inawahusu watoto wenye uraia wa China. Mtoto mgeni hupokelewa kwa taratibu za mji na wilaya, na nafasi ikiwepo. Kwa kawaida hutakiwa pasipoti, vibali vya ukaazi vya mtoto na mzazi, cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na uthibitisho wa nyumba wanayokaa. Familia ambayo vibali vyake vimelegalega hukwama hapa kabla ya jambo jengine lolote.

Ya pili ni skuli binafsi ya Kichina. Mtaala ni ule ule wa Kichina, ada hulipwa, na milango yake mara nyingi ni mipana zaidi kwa wageni.

Ya tatu ni skuli ya kimataifa inayofundisha kwa Kiingereza, na Kichina huwa somo. Skuli kongwe ya aina hii mjini humo ni American International School of Guangzhou, iliyoanzishwa 1981. Ada za skuli hizi ni kubwa, na kwa kawaida hulipwa na kampuni za wazazi wenye ajira. Mfanyabiashara wa kontena mbili kwa mwaka haziwezi.

Ya nne ndiyo ambayo familia nyingi zimeifuata kimya kimya: mtoto hupelekwa kwa bibi yake, Unguja, Mombasa au Maskati, akasoma huko, na wazazi wakabaki China. Njia hii huhifadhi lugha na dini, na hugharimu kitu kisichoandikwa kwenye risiti, nacho ni mtoto kukua mbali na mama yake.

Gaokao ni mlango wa wenyewe

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto akimaliza sekondari ya Kichina atafanya mtihani wa taifa kama wenzake. Mtihani huo ni gaokao, hufanywa mwanzoni mwa Juni kila mwaka, na ndio unaoamua nani aingie chuo gani. Guangdong, tangu mpangilio mpya ulioanza kutumika 2021, mwanafunzi hufanya Kichina, hesabu na lugha ya kigeni, kisha huchagua fizikia au historia, na masomo mawili kati ya kemia, biolojia, siasa na jiografia. Jumla ni alama 750. Lugha ya kigeni huchaguliwa katika sita: Kiingereza, Kirusi, Kijapani, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Kiarabu hakimo, wala Kiswahili.

Gaokao ni mtihani wa raia, na hufungamana na daftari la ukaazi liitwalo hukou. Mgeni anayeweza kujiandikisha ni yule mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu ya China, na kadi hiyo ni adimu sana kwa wafanyabiashara wetu. Kwa mtoto wa kawaida wa Kitanzania, Kikenya au Kiomani aliyekulia Guangzhou, mlango huu umefungwa hata akiwa wa kwanza darasani.

Jambo hili huwauma watoto wakilijua wakiwa na miaka 16. Wamekaa miaka kumi kwenye dawati moja na wenzao, wameamka nao alfajiri, kisha wenzao wanakwenda kwenye mtihani na wao hawaendi. Mzazi amwambie mwanawe mapema, na amwambie pia kwamba kuna mlango mwengine, na kwamba huo si wa aibu.

Mlango wa wanafunzi wa kigeni

Vyuo vikuu vya China hupokea wanafunzi wa kigeni kwa utaratibu wa peke yake. Mwombaji hupeleka pasipoti ya nchi yake, cheti na matokeo ya sekondari, na uthibitisho wa lugha. Guangzhou yenyewe ina vyuo vinavyojulikana sana. Sun Yat-sen kilianzishwa 1924 na kiongozi mwenye jina hilo. Jinan kilianzishwa Nanjing mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa Wachina wa ng'ambo, na sasa kiko Guangzhou na kina desturi ndefu ya kuwapokea wanafunzi kutoka nje.

Kipimo cha lugha ni mtihani wa HSK. Kwa miaka mingi umekuwa na viwango sita, na viwango vilivyotangazwa 2021 vimefika tisa. Kozi za shahada ya kwanza zinazofundishwa kwa Kichina kwa kawaida hudai HSK 4, na vyuo vikubwa na fani za lugha na sheria hudai HSK 5 au zaidi. Matokeo hutumika kwa udahili kwa miaka miwili tu tangu siku ya mtihani, basi cheti cha zamani hakifai.

Hapa ndipo mtoto wa skuli ya Kichina anapopata malipo ya jasho lake. HSK 4 ya viwango vya zamani ni maneno 1,200. Mtaala wa China humtaka mtoto amalize darasa la sita akiwa anatambua herufi kama 3,000 na kuandika 2,500. Aliyefaulu skuli ya msingi ya Kichina hana sababu ya kuiogopa HSK 4, na baadhi ya vyuo humsamehe mtihani huo aliyesoma sekondari kwa Kichina.

Lakini faida kubwa kuliko HSK ni kuzijua hesabu na fizikia kwa Kichina. Kijana anayetoka Dar es Salaam au Nizwa husoma Kichina mwaka mmoja, akapata HSK 4, akaingia uhandisi. Siku ya kwanza anakaa na Wachina waliopita kwenye tundu la sindano la gaokao, na profesa anaandika ubaoni kwa kasi. Maneno 1,200 ya HSK hayana neno la mhimili wala la mkondo wa umeme. Wengi huanguka hapo, na si kwa uzito wa akili. Mtoto aliyesoma kwa Kichina tangu mdogo ameyasikia maneno hayo tangu darasa la saba.

Serikali ya China nayo imekaza masharti. Viwango vya ubora vya elimu kwa wanafunzi wa kigeni vilivyotolewa 2018 viliweka kiasi cha Kichina ambacho mwanafunzi awe nacho anapohitimu, hata yule anayesoma kwa Kiingereza. Na kuanzia udahili wa 2026, waombaji wa shahada ya kwanza kwa ufadhili wa serikali ya China wanatakiwa kufanya mtihani unaoitwa CSCA, wenye hesabu kwa lazima, na fizikia, kemia na Kichina cha taaluma kulingana na fani. Zamani ilitosha cheti kizuri na barua nzuri. Sasa hesabu zinapimwa.

Kwa wanaosoma kwa ufadhili huo, shahada ya kwanza hutanguliwa na mwaka mmoja wa matayarisho ya lugha. Aliyesoma sekondari kwa Kichina, akithibitisha, anaweza kuuruka mwaka huo. Katika pwani yetu anajulikana Mwamaka Sharifu wa Lamu, aliyepata ufadhili wa China mwaka 2005, wakati wa kumbukumbu ya miaka 600 ya safari za Zheng He, akaenda Nanjing kusoma tiba ya Kichina. Yeye alianza lugha akiwa mtu mzima. Mtoto wa Guangzhou huanza pale ambapo wengine humalizia.

Kozi za udaktari zinazofundishwa kwa Kiingereza zipo, na vijana wengi wa Afrika Mashariki wamezisoma. Hata hizo, mwanafunzi akifika hospitali kwa mafunzo ya vitendo, mgonjwa anamueleza maumivu yake kwa Kichina, au kwa Kikantoni. Anayeifahamu lugha hujifunza udaktari, na asiyeifahamu hubaki kusimama nyuma ya wenzake.

Tahadhari moja ya karatasi: kibali cha mtoto kwa jina la baba ni cha mtoto aliye chini ya miaka 18. Akifika umri huo lazima awe na kibali chake mwenyewe, kwa kawaida cha masomo. Maombi ya chuo yapangwe ili pasiwe na miezi mitupu baina ya kibali cha kwanza na cha pili.

Mtoto wa mama Mchina

Familia ambazo baba ni mtu wetu na mama ni Mchina zina suala la peke yake. Sheria ya uraia ya China ya 1980 inasema mtoto aliyezaliwa China, ambaye mzazi wake mmoja ni raia wa China, ni raia wa China. Sheria hiyo hiyo haikubali uraia wa nchi mbili. Oman nayo haikubali ila kwa idhini, Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao, na Kenya imeukubali tangu katiba ya 2010.

Mtoto mwenye hukou ya mama yake hufanya gaokao kama Mchina yeyote, na hana haki ya mlango wa wageni. Mtoto mwenye pasipoti ya baba yake huomba kama mgeni. Wapo waliotaka kuchanganya: mtoto asome kama Mchina miaka 11, kisha abadilishiwe uraia karibu na chuo ili aepuke gaokao. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ya China iliifunga njia hiyo. Aliyekuwa raia wa China kisha akachukua uraia wa nje, akiomba kama mwanafunzi wa kigeni, lazima awe na pasipoti ya kigeni kwa miaka 4 au zaidi, na awe ameishi nje ya China si chini ya miaka 2 katika 4 ya mwisho, ikihesabiwa hadi tarehe 30 Aprili ya mwaka anaoingia chuo. Kwa hiyo uraia wa mtoto uamuliwe na wazazi wote wawili akiwa bado mdogo, kwa maandishi na kwa ushauri wa ubalozi. Ukingojwa mwaka wa mtihani, wakati huwa umepita.

Akirudi Ghuba au Afrika Mashariki

Si kila mtoto atabaki China, wala si kila mzazi anataka abaki. Biashara hupanda na kushuka. Wakati wa korona familia nyingi ziliondoka Guangzhou kwa haraka, na watoto wakajikuta katika skuli mpya kwa lugha nyengine. Kwa hivyo mzazi mwangalifu huuliza: ikilazimu kurudi kesho, mtoto ataingia darasa gani?

Oman, mwenye cheti cha sekondari cha nje hutakiwa kupata muadala, yaani kutambuliwa kwa cheti hicho, kabla ya kuomba chuo kupitia kituo cha pamoja cha udahili. Kwa upande wa miaka, mfumo wa China wa 6, 3 na 3 unafika 12, na hilo ni jema. Tatizo ni lugha. Katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa 1986, fani za sayansi, udaktari na uhandisi husomwa kwa Kiingereza, na fani kama sheria kwa Kiarabu. Vyuo vya Oman vina mwaka wa msingi wa Kiingereza, hesabu na kompyuta, na huo humsaidia aliyechelewa Kiingereza. Kwa Kiarabu hakuna boya kama hilo. Kijana wa Kiomani asiyeandika Kiarabu hupoteza fani nusu, na baadaye kazi nyingi za serikali.

Tanzania, matokeo ya sekondari ya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na shahada za nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kenya na Uganda zina taasisi zao za kazi hiyo. Vyuo vya huko hufundisha kwa Kiingereza. Skuli ya Kichina hufundisha Kiingereza kama somo, na mtoto anaweza kupata alama nzuri za sarufi bila ya kuweza kuandika kurasa mbili za hoja zake mwenyewe.

Vyeti navyo vina safari yao. China ilijiunga na mkataba wa Apostille, na ulianza kufanya kazi huko tarehe 7 Novemba 2023. Oman ni mwanachama tangu 2012. Cheti cha Guangzhou kinachokwenda Maskati sasa kinaweza kugongwa muhuri mmoja badala ya kuzungushwa balozi mbili. Kwa nchi isiyo mwanachama, njia ni ile ile ya ubalozini.

Wanaosoma skuli za kimataifa wana upana wa kwenda nchi nyingi, na hapa kuna jambo ambalo familia zetu hazilitumii. Diploma ya IB hutolewa pia kama diploma ya lugha mbili kwa anayechukua lugha mbili kwa kiwango cha fasihi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazokubaliwa, hata kwa mwanafunzi anayejisomea chini ya usimamizi wa skuli yake. Mtihani wa IGCSE wa Cambridge nao una somo la Kiswahili. Lugha ya bibi inaweza kuwa alama kwenye karatasi ya chuo. Lakini ni kwa mtoto anayeisoma na kuiandika, si kwa yule anayeisikia tu.

Na Ghuba yenyewe inakielekea Kichina. Imarati ilianza mwaka 2019 mpango mkubwa wa kukifundisha katika skuli za serikali. Saudia ilitangaza mwaka huo huo kukiingiza katika mitaala yake, na 2024 ikapokea walimu kutoka China. Kijana atakayerudi na Kichina cha kweli, Kiarabu cha kuandika na Kiingereza cha kutosha atakuwa na kitu ambacho wachache wanacho. Mwenye Kichina peke yake atakuwa mkalimani wa wengine.

La kufanya, umri kwa umri

Kabla ya miaka 6: wazazi wakubaliane mtoto atamalizia wapi masomo, na wamalize suala la uraia na vibali. Kama ni skuli ya Kichina, aanze chekechea ya Kichina, kwani anayeingia darasa la kwanza na lugha hachukui miaka miwili ya kwanza kusikiliza kelele.

Miaka 6 hadi 12: skuli imshughulikie kwa Kichina, nyumbani pawe pa Kiswahili bila ya kuchanganya. Kiarabu kianze kwa Qur'ani kisha kiende mbele hadi kusoma na kuandika habari za kawaida, kwa sababu kuhifadhi sura si sawa na kuandika insha. Kiingereza kipewe saa zake kila wiki, kwa vitabu vya kusoma na si vya sarufi tu. Likizo ya kiangazi ni ya nyumbani, Unguja, Lamu au Sur, mtoto akae na watoto wenzake.

Miaka 12 hadi 15: huu ndio wakati wa njia panda. Mwisho wa skuli ya kati kuna mtihani wa kuingia sekondari ya juu, na nafasi ya mtoto mgeni huamuliwa na taratibu za mji na za skuli. Kama nia ni kurudi Oman, Tanzania au kwenda Uingereza, hapa ndipo pa kuhamia mtaala wa Kiingereza au Kiarabu, akiwa bado na miaka mitatu ya kujipanga. Anayehamishwa akiwa na miaka 17 huwa amepoteza pande zote mbili.

Miaka 15 hadi 18: HSK ifanywe katika mwaka wa mwisho ili isiishe muda. Anayetaka ufadhili wa China ajitayarishe kwa CSCA. Anayetaka Ghuba aanze muadala mapema na aombe orodha ya vyuo vinavyotambuliwa kutoka wizara inayosimamia elimu ya juu ya nchi yake, kwani si kila chuo kinachotoa shahada China kinatambuliwa Maskati au Dar es Salaam.

Wazazi wengi wa jamii yetu wanapouliza kuhusu skuli ya Kichina huuliza ada, na ni haki yao. Lakini ada hulipwa kwa mwaka na lugha hulipwa kwa umri. Mtoto wa Guangzhou anaweza kuwa na lugha nne akiwa na miaka 18, na wapo wanaofika hapo. Waliofika hawakuzipata zote skulini: Kichina kimoja walipewa na mji, na tatu nyengine walipewa na wazazi waliokaa nao jioni, baada ya kufunga duka.